Mashine Ikilia, Mkono Utulie

  

Leo tunazungumzia sarafu za kale. Nina maana zile zilizofukiwa chini kabisa, ambazo jembe halizifikii na mvua haizifukui. Pamoja nazo tutaizungumzia mashine inayotumika kuzitafuta, mashine ya kutambua metali, ambayo wengi wetu tunaiita ditekta. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaijua vizuri. Siku hizi wanaijua pia vijana wanaozunguka kwenye magofu na maboma ya zamani wakitafuta kile kinachoitwa mali ya Mjerumani.

Nina mambo matatu ya kuwaambia. Kwanza, mashine hii inasikiaje kitu kilicho chini ya ardhi? Pili, kwa nini sarafu iliyodondoka juu ikutwe chini? Na tatu, ambalo ndilo kubwa: mashine ikishalia, ufanye nini? La tatu nitalirudia mara nyingi, kwa hiyo mtaniwia radhi. Mashine ikilia, mkono utulie.

Haya, tuanze na la kwanza.

Mwaka 1881, Rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi. Hakufa papo hapo. Risasi ilibaki mwilini na madaktari hawakujua imejificha wapi. Mionzi ya kupigia picha za mifupa ilikuwa haijagunduliwa bado. Akaitwa Alexander Graham Bell, yule aliyetuletea simu. Bell alitengeneza kifaa cha nyaya na umeme, akakipitisha juu ya mwili wa mgonjwa. Nacho kikawa kinalia mahali ambapo hapakutarajiwa, mpaka watu wakachanganyikiwa. Kumbe kitanda alicholalia Rais kilikuwa na springi za chuma! Zaidi ya hapo, daktari mkuu alimruhusu Bell apime upande wa kulia tu, na risasi ilikuwa upande wa kushoto. Rais alifariki mwezi Septemba mwaka huohuo.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu yote yanayomsumbua mwenye ditekta leo yalimkuta Bell siku ile. Mashine haidanganyi, inasema tu kwamba hapa pana metali. Ni metali gani, na je, ndiyo unayoitafuta? Hayo ni ya kwako kuyajua. Na ukipima upande usio wake, hata mashine bora duniani haitakusaidia.

Sasa inafanyaje kazi? Ile sahani ya duara inayopepewa juu ya ardhi ina waya uliozungushwa ndani yake. Umeme ukipita humo, hutoka nguvu ya sumaku inayozama ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na kipande cha metali, ndani ya kipande hicho huzuka mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa nguvu yake ya sumaku, ikarudi juu. Sahani inaipokea, na wewe unasikia mlio masikioni. Fedha na shaba hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo kwenye mashine nyingi mlio wake huwa mwembamba na wa juu. Msumari wa chuma hutoa mlio mzito wa chini. Kizibo cha soda? Hicho ni mwongo mkubwa, kimepoteza jioni za watu wengi.

Msikilizaji, hapa ndipo penye ugumu wa sarafu ya chini. Sarafu ikiwa mbali na sahani mara mbili ya ilivyokuwa, utadhani mlio utapungua nusu. Haupungui nusu! Nguvu inafifia ikishuka, na inafifia tena ikipanda, hata jibu linalokufikia linakuwa dogo karibu mara 64. Ndiyo maana mashine ya kawaida huisikia sarafu moja iliyo kina cha shubiri moja, pengine shubiri na nusu, yaani sentimita 20 mpaka 30. Zaidi ya hapo, sarafu moja peke yake hunyamaza. Chungu kizima kilichojaa sarafu ni jambo jingine. Hicho ni kitu kikubwa, nacho husikika kutoka chini zaidi. Shikeni hilo, maana tutakirudia chungu muda si mrefu.

Tuje la pili. Kwa nini sarafu ishuke? Wengi hudhani inazama kwa uzito wake. Hapana. Mwaka uleule wa 1881, ule ambao Bell alihangaika na springi za kitanda, Charles Darwin kule Uingereza alichapisha kitabu kuhusu nyungunyungu. Ndiyo, nyungunyungu hawahawa wa shambani kwako! Alionyesha kwamba wanameza udongo wa chini na kuutoa juu, siku baada ya siku, mpaka vitu vilivyokuwa juu vinafunikwa taratibu. Kwetu sisi kazi hiyo inafanywa pia na mchwa. Ongeza tope la mafuriko, majani yaliyooza, kuta za udongo zilizoporomoka, na mchanga unaosukumwa na upepo pwani. Sarafu haijizamishi yenyewe. Ardhi ndiyo inayopanda juu yake.

Na kama ardhi inapanda, basi kila tabaka lina zamani zake. Kilicho juu ni cha karibuni, kilicho chini ni cha kale, maadamu hapajafukuliwa. Kigae cha chungu, mkaa wa jikoni, mfupa wa samaki na sarafu vikikutwa tabaka moja, vilikuwa pamoja enzi moja. Hili ndilo ninalotaka tuondoke nalo leo, na ndilo litakalotuonyesha kwa nini mkono utulie.

Lakini kwanza, fundi wa ditekta anaikamataje sarafu ya chini? Nawaeleza, kwa sababu kuna ufundi hapa unaostahili heshima.

Kwanza anaizoesha mashine ardhi ya pale. Udongo mwekundu wenye chuma kingi unapiga kelele wenyewe. Mchanga wa pwani ulioloa maji ya chumvi nao unapitisha umeme na kuitia mashine wazimu. Kwa hiyo anainua sahani na kuishusha mahali pasipo na kitu, akirekebisha, mpaka ardhi inyamaze. Pili, anapepea polepole, sahani ikikaribia kugusa nyasi, kila mpepeo ukilalia nusu ya uliotangulia. Anayepepea kama anafyeka hupita juu ya fedha asijue. Tatu, anavaa spika za masikioni, kwa sababu mlio wa kitu kilicho chini ni mnong'ono.

Akiupata ule mnong'ono, hachimbi. Anageuka, anapepea kwa kukatiza njia aliyokuja nayo. Ukilia tena palepale, kuna kitu. Ukipotea, huenda ni msumari. Kisha anainua sahani kidogo. Kitu kilicho juujuu kitaendelea kulia. Kilicho chini kitanyamaza mara moja. Na mlio ukiwa mpana, ukienea hatua nzima ya mguu, hiyo si sarafu moja. Hicho ni kitu kikubwa. Inaweza kuwa debe bovu. Inaweza kuwa bomba la maji. Na mara moja katika umri wa mtu, inaweza kuwa chungu.

Je, imewahi kutokea? Imetokea. Twendeni Uingereza, mkoa wa Somerset, karibu na mji wa Frome, mwezi Aprili mwaka 2010. Dave Crisp, mpishi wa hospitali, anapita shambani na ditekta yake kwa ruhusa ya mwenye shamba. Anasikia mlio wa ajabu. Anachimba mpaka mkono unazama, karibu sentimita 35, anatoa bonge la udongo mfinyanzi lenye kisarafu ndani yake. Halafu anaona kingo za chungu.

Msikilizaji, jiweke mahali pake. Uko peke yako shambani. Miguuni pako pana chungu cha Warumi. Ungefanya nini? Sema kweli!

Crisp alirudishia udongo. Alifukia shimo, akaenda kutoa taarifa, wakaja wanaakiolojia. Wakachimba siku tatu, wakaanza kuzitoa sarafu tabaka kwa tabaka, kila fungu na mfuko wake. Zilipohesabiwa zilikuwa 52,503, uzito wake kama kilo 160.

Na ule utulivu ulilipa nini? Sikilizeni. Sarafu zilizochelewa kutengenezwa, za mtawala Carausius, nyingi zilikutwa chini zaidi ndani ya chungu, zikiwa zimelaliwa na za zamani kuliko zenyewe. Kama mtu angekuwa anaweka akiba mwaka hadi mwaka, mpya zingekuwa juu. Kwa hiyo chungu kilijazwa kwa mpigo. Tena chungu chenyewe kilikuwa na ukuta mwembamba, kisingebebeka kikiwa kimejaa. Kilifukiwa kwanza, kikamiminiwa sarafu baadaye. Ndipo wataalamu wa Makumbusho ya Uingereza wakasema, huenda hii haikuwa akiba ya mtu iliyofichwa, huenda ilikuwa sadaka. Hayo yote yalitokana na mpangilio wa sarafu ndani ya chungu. Crisp angezizoa na kuzitia kwenye ndoo, zingebaki kilo 160 za shaba na fedha, na habari ingekufa palepale. Na yeye hakupoteza kitu: sheria ya kule humpa mpataji fidia akigawana na mwenye ardhi, na walilipwa zaidi ya pauni 300,000.

Kisiwani Jersey, mwaka 2012, mambo yalikuwa ya chini zaidi. Watu wawili, Reg Mead na Richard Miles, walikuwa wamezunguka eneo moja kwa takriban miaka 30, kwa kufuata masimulizi ya zamani kwamba mashamba ya pale yamewahi kutoa sarafu. Walipolipata fungu lenyewe, lilikuwa kina cha mita moja hivi, karibu sarafu 70,000 zilizoshikana kutu ya kijani. Nao wakasimama, wakaita wataalamu. Bonge zima likanyanyuliwa kwa pamoja, likapelekwa makumbusho, na kuzitenganisha moja moja kulichukua miaka. Mnakumbuka nilisema sarafu moja peke yake, ikiwa chini sana, hunyamaza? Fungu halinyamazi.

Upande wa pili uko pia. Mwaka 2015, mkoa wa Herefordshire, watu wawili walipata fungu la enzi za Waviking, sarafu zinazokadiriwa kufika 300. Hawakutoa taarifa. Waliuza kwa siri. Mwaka 2019 walifungwa jela, na mpaka wakati huo sarafu zilizopatikana hazikuzidi sana 30. Miongoni mwa hizo chache zilikuwamo za wafalme wawili, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia, zenye picha ileile ya watawala wawili bega kwa bega, ushahidi kwamba wafalme hao walikuwa washirika. Zile nyingine zilibeba nini? Zimetawanyika.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa jambo hili ni zito kuliko huko Ulaya. Kwa nini? Kwa sababu sarafu nyingi za Warumi zina sura na jina la mtawala anayejulikana miaka yake. Lakini shika sarafu ya Kilwa. Ni ya shaba, ndogo, imekolea kijani. Upande mmoja una maneno ya kumtegemea Mungu, upande wa pili una jina la sultani, na pande hizo mbili zinaishia kwa kina kimoja, zinakwenda kama ubeti wa shairi. Inapendeza mno. Igeuze utafute mwaka. Hakuna. Tafuta jina la mji ilipogongwa. Hakuna.

Basi mwaka wake uko wapi? Uko kwenye udongo ilimokutwa. Narudia: mwaka wa sarafu ya Kilwa uko kwenye udongo. Ukiing'oa bila kutazama kilicholala nayo, umebaki na kitu kama hati ya kiwanja isiyotaja kiwanja kiko wapi.

Mfano upo kisiwani Pemba. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, wanaakiolojia waliokuwa na mwenzao Mark Horton walikuta fungu la visarafu vya fedha zaidi ya 2,000, vidogo havifiki upana wa ukucha wa kidole gumba. Vina majina ya watawala wa hapa pwani, akiwamo Ali bin al-Hasan, na havina mwaka. Lakini pamoja navyo zilikuwamo dinari chache za dhahabu, baadhi zikiwa za watawala wa Fatimiya wa Misri, na dinari hizo zina tarehe. Kwa kulala pamoja nazo, visarafu vile vikapata umri: karne ya 11. Kabla ya hapo kuna wataalamu waliomweka Ali bin al-Hasan karne kadhaa baadaye. Historia ya watawala wa pwani ikabidi ipangwe upya. Sasa niambieni, angetangulia mtu na ditekta usiku, akachukua dhahabu akauza kwa sonara, akaacha vile vya fedha visivyo na bei, tungejua nini?

Songo Mnara, jirani na Kilwa Kisiwani, ni hivyohivyo. Wanaakiolojia wamekuta humo sarafu za shaba zaidi ya 300 zikiwa fungu moja ndani ya nyumba. Kwa sababu zilikutwa pale zilipowekwa, zinasaidia kujua ni sarafu za masultani gani zilikuwa zikitumika wakati mmoja. Sarafu 300 zilizookotwa huku na huko zisingetoa jibu hilo.

Na wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanajeshi mmoja wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake. Akaziweka kwenye kopo, zikakaa humo miaka na miaka. Mwaka 1979 akaamua kuuliza ni za nini. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa! Kilwa hii yetu, ng'ambo nzima ya Bahari ya Hindi. Zilifikaje? Wanazuoni wanabishana mpaka leo, maana ziliokotwa mchangani bila tabaka wala kitu cha kufuatana nazo. Lakini Isenberg alifanya jambo moja la maana: alitia alama ya X kwenye ramani mahali alipoziokota. Ndiyo iliyowaongoza watafiti kurudi kisiwani mwaka 2013. Alama moja ya kalamu, jamani.

Tuseme mawili matatu juu ya mali ya Mjerumani. Ni kweli kwamba mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliishiwa sarafu, wakagonga za kwao wenyewe huko Tabora, zikiwamo za dhahabu za rupia 15, zenye tembo aliyeinua mkonga. Idadi yake inajulikana, ni kama 16,000, na nyingi zimo mikononi mwa wakusanyaji duniani. Ukweli huo mdogo umezaa hadithi kubwa, na watu wanauza mashamba kununua mashine na kumlipa mganga. Msidanganyike. Na kuna hatari: palipopiganwa vita hubaki mabomu. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, ditekta zilitumika kutafutia mabomu yaliyotegwa ardhini. Mashine haijui tofauti ya chungu cha fedha na kombora. Vyote ni mlio mpana, unaotoka chini, mtamu masikioni. Mwenye sururu ndiye atakayeijua tofauti, naye ataijua amechelewa.

Na sheria je? Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahifadhi vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvitafuta kwa kuchimba kunahitaji leseni. Kenya, sheria ya mwaka 2006 inahesabu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kwa hiyo kuingia magofuni na ditekta ukachimba bila kibali ni kosa, hata kama hukupata kitu.

Tufunge hesabu, wasikilizaji. Tulisema matatu. Mashine inasikia metali, haijui thamani. Ardhi ndiyo iliyopanda, na kila tabaka lina umri wake. Na mashine ikilia? Mkono utulie. Kama ni shambani kwako umelima ukakuta sarafu moja, usiisugue kwa mchanga wala ndimu, maana utafuta maandishi. Tia alama mahali hapo. Kumbuka ilikuwa kina gani na ilikuwa na nini pembeni. Zikiwa nyingi, au ukiona chungu, simama, rudishia udongo, toa taarifa serikali ya kijiji, idara inayoshughulikia mambo ya kale, au makumbusho iliyo karibu nawe.

Na wewe usiye na ditekta wala shamba, una kazi pia. Katika nyumba nyingi kuna kopo lenye sarafu za babu: pesa za Seyyid Barghash, heller za Mjerumani, senti zenye tundu, pengine kisarafu cha kijani kisichosomeka. Leo, kabla hujalala, muulize mzee aliyebaki: hii iliokotwa wapi? Andika jibu kwenye karatasi, itie ndani ya kopo pamoja na sarafu. Mzee akiondoka, hakuna mashine itakayolitafuta jibu hilo.